Maji safi au majitaka: uweke wapi mtaji wako Uganda?

Uganda ina Nile, ina Ziwa Victoria, ina misimu miwili ya mvua upande wa kusini, na bado jerikeni za njano zinapanga foleni kila asubuhi Bwaise mjini Kampala, Oli kule Arua, na pembezoni mwa Kasese. Upande wa pili, wakazi wengi wa Kampala hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Wanategemea vyoo vya shimo na matangi ya septiki, na vyote hivyo hujaa. Kazi ipo, basi, kwenye kuleta maji na kwenye kuyaondoa yakishachafuka. Anayekwama ni yule mwenye mtaji wa wastani, au kikundi cha SACCO, anayeona soko lipo lakini hajui aingilie wapi.

Njia moja iondoe akilini mapema. Mabomba ya mijini ni ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, NWSC, lililoanzishwa 1972 na kumilikiwa na serikali peke yake, kwa hiyo hakuna hisa zake za kununua. Miji midogo iliwahi kuwa na waendeshaji binafsi kwa mkataba, lakini tangu 2017 mifumo mingi ya aina hiyo imewekwa mikononi mwa Mamlaka za Umbrella za kanda, chini ya Wizara ya Maji na Mazingira. Mtu binafsi amebakiwa na zile sehemu ambazo bomba la serikali halijafika au haliwezi kufika. Tunalinganisha nne: kisima kirefu chenye pampu ya sola na kioski, kiwanda kidogo cha maji ya chupa, lori la kunyonya majitaka, na kujenga pamoja na kuendesha mitambo midogo ya kusafisha majitaka ya shule, hoteli na viwanda.

Vigezo kabla ya mashine

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya mashine. Swali hilo lije la mwisho. La kwanza ni nani anakulipa, na kila lini. Mama anayelipa shilingi 100 kwa jerikeni anakulipa leo. Shule inakulipa muhula ukifunguliwa. Ofisi ya umma inakulipa bajeti ikitoka. Mtambo mzuri wenye mlipaji mbaya utakufilisi.

La pili ni chanzo na mwisho: maji yanatoka wapi, uchafu unaishia wapi. La tatu ni kinachoharibika, na kama kipuri chake unakipata mjini kwako au mpaka Kampala. La nne ni vibali na ardhi. La tano ni muda wa kurudisha mtaji ukihesabu miezi mibaya pamoja na mizuri. Kila njia hapa chini imepimwa kwa hayo, kadiri yanavyoihusu. Bei tulizotumia kwenye mahesabu ni za mfano tu. Weka za mji wako, hesabu ni ileile.

Kisima kirefu, sola na kioski

*Nani analipa.* Mteja mwenyewe, taslimu au kwa simu, kila siku. Huu ndio uzuri mkubwa wa kioski. Udhaifu wake ni mvua. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, nyumba zenye bati zinakinga maji na mauzo yanashuka. Kaskazini, kwenye msimu mmoja mrefu, hali ni hiyohiyo kwa miezi inayofuatana.

*Chanzo.* Hapa ndipo pesa nyingi hupotea ardhini. Sehemu kubwa ya Uganda imekalia miamba ya kale migumu, ambayo maji yake yamo kwenye nyufa na kwenye tabaka la mwamba uliooza. Visima vingi havitoi maji mengi. Kisima cha mita za ujazo 0.5 kwa saa kinatosha pampu ya mkono, lakini hakilishi kioski. Tuseme unataka kuuza mita za ujazo 15 kwa siku, yaani jerikeni 750 za lita 20. Pampu ya sola inafanya kazi ya maana kama saa sita, kwa hiyo inabidi isukume mita za ujazo 2.5 kwa saa. Pampu haitakiwi kuvuta zaidi ya theluthi mbili hivi ya kiwango kilichothibitishwa kwenye jaribio, hivyo kisima chako kipimwe na kutoa karibu mita za ujazo 4 kwa saa.

Jaribio lenyewe lisifanywe la saa tatu. Dai jaribio la hatua kwa hatua, kisha la kuvuta kwa kiwango kimoja kwa saa 24, kisha kupima maji yanavyorudi juu. Mchimbaji akikuambia kisima "kina maji mengi" bila jedwali la vipimo, huna kisima bado. Ukiweza, pima mwishoni mwa kiangazi. Na kabla ya kuchimba, mlipe mtaalamu wa maji ya ardhini ambaye si mchimbaji, na mkataba useme nani anabeba gharama shimo likitoka kavu.

Nguvu ya pampu inahesabika kwa urahisi. Kuinua mita moja ya ujazo kwa mita 60 kunahitaji nishati ya kilowati-saa 0.16. Kwa mita za ujazo 15 ni kama 2.5, na kwa kuwa pampu na mota hupoteza zaidi ya nusu, hesabu 5.5 kwa siku. Gawanya kwa saa tano za jua kali, ongeza asilimia 30 kwa vumbi, joto na mawingu, unafika paneli za wati 1,400 hadi 1,500. Anayekuuzia wati 600 kwa kazi hiyo anakuuzia pampu itakayolala saa tisa alasiri.

*Kinachoharibika.* Chuma kwenye maji ndiyo kero ya kwanza. Kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, nguo nyeupe zinapata madoa na chai inakuwa nyeusi. Si sumu kwa kiwango hicho, lakini wateja watakukimbia. Dawa yake ni kurusha maji hewani kisha kuyapitisha kwenye chujio la mchanga linalooshwa kwa kurudishiwa maji. Mabomba ya mabati ndani ya maji yenye asidi huliwa na kuzidisha chuma hicho, kwa hiyo tumia ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Kasese, karibu na mto Nyamwamba ulio chini ya mabaki ya mgodi wa Kilembe, pima pia shaba na kobalti. Sehemu za bonde la ufa, pima floridi, ambayo haitakiwi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, pamoja na chumvi.

Klorini usiikwepe hata kama kisima ni safi, kwa sababu jerikeni ya mteja si safi. Kipimo cha miligramu 1 kwa lita kwa mita za ujazo 15 ni gramu 15 za klorini, sawa na gramu 23 za unga wa asilimia 65. Acha nusu saa kabla ya kufungua bomba, na hakikisha bombani yanabaki miligramu 0.2 hadi 0.5. Ni gharama ndogo mno kulinganisha na mtoto mmoja kuugua kwa maji uliyomuuzia mama yake.

Kingine kinachoharibika ni hesabu ya kioski. Weka mita ya maji kwenye pampu na nyingine kwenye bomba la kuuzia. Tofauti ikizidi asilimia 10, ama tangi linavuja ama pesa inavuja.

*Vibali na ardhi.* Kuvuta maji ya ardhini kwa pampu ya mota kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Maji ya 1995, na mchimbaji mwenyewe lazima awe na leseni. Ardhi ndiyo mtego. Kisima hakihamishiki. Ukichimba kwenye kibanja (kipande cha mpangaji) juu ya ardhi ya mailo (ya mwenye hati ya kudumu) bila ridhaa ya mwenye hati, makubaliano yaliyopigwa muhuri wa LC1, baraza la kijiji, hayatakuokoa mwenye hati akija. Uliza pia ofisi ya NWSC au Umbrella ya eneo lako kama wana mpango wa kufikisha bomba hapo, na kama eneo tayari ni lao, pata makubaliano ya maandishi kabla ya kuuza tone. Bomba lao likifika, bei yao itakuwa chini kuliko yako.

*Mtaji kurudi.* Tuseme kila kitu kimegharimu milioni 70. Jerikeni 750 kwa shilingi 100 ni 75,000 kwa siku, milioni 2.25 kwa mwezi. Miezi sita ya kiangazi ni milioni 13.5, miezi sita ya mvua kwa nusu ya mauzo ni milioni 6.75. Jumla ni milioni 20.25. Mwuzaji akichukua robo, na ukatenga milioni 4 kwa vipimo vya maabara, klorini, matengenezo na akiba ya pampu mpya, unabaki na kama milioni 11.2. Mtaji unarudi baada ya miaka sita na ushee. Sasa weka mkopo wa benki wa riba ya asilimia 18: riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni milioni 12.6. Kioski cha bei ya haki hakibebi mkopo wa namna hiyo. Kinajengwa kwa pesa yako, kwa hisa za kikundi, au kwa mchanganyiko wa ruzuku na mtaji.

*Kinamfaa nani.* Mwenye ardhi yake yenye hati, anayeishi karibu, mwenye pesa ya subira. Kikundi cha akiba cha mji mdogo kinafaa sana, kwa kuwa wateja ni wanachama walewale.

Kiwanda kidogo cha maji ya chupa

*Nani analipa.* Maduka na wauzaji wa jumla, kwa mkopo wa wiki mbili hadi mwezi mmoja. Ofisi zinazochukua chupa kubwa za lita 20. Na wenye harusi na makongamano, ambao hulipa kabla. Rafu za maduka makubwa zina majina yaliyozoeleka kama Rwenzori, na kulisukuma jina jipya hapo kunakula pesa nyingi kuliko mashine. Soko la chupa za lita 20 ndani ya mzunguko wa kilomita chache ndiko kiwanda kidogo kinakopumua.

*Chanzo.* Watu wengi hununua mtambo wa osmosisi, RO, kabla ya kupima maji yao. Mtambo huo ni wa kuondoa chumvi. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo NWSC inayasambaza Kampala, Entebbe na Jinja, yana chumvi kidogo kiasili. Ukiyapitisha kwenye RO unalipa umeme na membreni (tando zinazochuja chumvi) kuondoa kitu ambacho hakipo kwa wingi, na unamwaga sehemu kubwa ya maji uliyonunua kwa mita: ili kupata lita 1,000 safi unaingiza lita 1,500 hadi 2,000. Kwa maji ya namna hiyo, chujio la kaboni, chujio laini sana na taa ya miale ya UV vinaweza kutosha, mradi maabara ithibitishe. RO ina maana Isingiro na kwingineko ambako maji ya ardhini yana chumvi.

Mpangilio wa RO, ukiihitaji, ni huu: chujio la mchanga, chujio la kaboni, dawa ya kuzuia magadi (chumvi zinazoganda), chujio la mikroni 5, pampu ya shinikizo, membreni, UV, ozoni, kujaza. Kwa lita 1,000 kwa saa hesabu membreni nne hadi tano za ukubwa wa inchi 4 kwa 40.

*Kinachoharibika.* Klorini ya maji ya bomba huua membreni, kwa hiyo kaboni ikichoka usipogundua, membreni zote zinakwenda nayo. Pima klorini baada ya kaboni kila asubuhi. Ni kazi ya dakika mbili. Chuma huziba membreni, na magadi huganda juu yake. Ukiona maji safi yamepungua kwa asilimia 10 hadi 15 kwa shinikizo lilelile, zisafishe kwa dawa mara moja, usisubiri zife.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Bakteria huota kwenye mabomba yaliyo baada ya UV, hasa kiwanda kikifungwa Jumamosi na kufunguliwa Jumatatu. Maji ya kwanza ya Jumatatu yamwagwe na laini isafishwe kwa dawa kabla ya kujaza chupa ya kwanza. Ozoni nayo ikizidishwa kwenye maji yenye bromidi hutoa bromati, na kikomo chake ni mikrogramu 10 tu kwa lita. Chupa za lita 20 zinazorudi zinuswe moja moja kabla ya kuoshwa: iliyowekwa mafuta ya taa haisafishiki, itupwe. Toza amana kwa kila chupa, la sivyo chupa zako zitageuka vyombo vya pombe ya kienyeji nyumbani kwa watu.

*Vibali.* Njia hii ndiyo yenye karatasi nyingi kuliko zote. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, ni ya lazima, na wakaguzi wataangalia jengo, sakafu, vyoo vya wafanyakazi na kumbukumbu zako za vipimo. Maji ya chupa yanatozwa ushuru wa bidhaa na yanabeba stempu za kodi za kidijitali zilizoanza Novemba 2019. Mauzo yakivuka milioni 150 kwa mwaka unaingia kwenye VAT ya asilimia 18. Wanaopanga bei bila kodi hizi hugundua mwezi wa sita kwamba walikuwa wakiuza kwa hasara.

*Mtaji kurudi.* Inategemea usambazaji kuliko kitu kingine. Katoni ya chupa 24 za nusu lita ina kilo 12, na barabara mbaya inakula faida yake yote. Kiwanda kinachofanya kazi asilimia 30 ya uwezo wake hakilipi mishahara. Kwa hiyo tafuta oda za maandishi za angalau nusu ya uwezo kabla ya kuagiza mashine.

*Kinamfaa nani.* Mtu wa mauzo. Kama huna gari la usambazaji, huna wateja wa ofisi na hupendi kufukuzia madeni, mashine nzuri haitakusaidia.

Lori la kunyonya majitaka

*Nani analipa.* Mwenye nyumba, taslimu, tangi likishanyonywa. Anakuita kwa sababu choo kimefurika, kwa hiyo habishani sana. Mvua, ambayo ni adui wa kioski, huku ni msimu wa kazi: maji ya ardhini yanapanda na mashimo yanajaa haraka. Hoteli na hospitali huchukua mkataba wa mwezi.

*Mwisho wa uchafu.* Kabla ya kununua lori, chora duara kwenye ramani kuzunguka mahali halali pa kumwaga. Kampala kuna Lubigi, kando ya barabara ya Hoima, mtambo uliofunguliwa 2014 wenye uwezo wa kupokea mita za ujazo 400 za tope la choo kwa siku, na kuna Bugolobi. Miji kama Jinja, Mbale, Tororo, Masaka na Gulu ina mabwawa ya NWSC. Mji usio na mahali pa kumwaga hauna biashara hii, hata kama vyoo vyote vimejaa. Kumwaga usiku kwenye ardhi oevu ni kosa la jinai. Na ni kuwarudishia watu uchafu wao: maji yanayopita mfereji wa Nakivubo yanaingia ghuba ya Murchison, na mitambo ya Ggaba inayoisafishia Kampala maji inavuta ghuba hiyohiyo.

*Kinachoharibika.* Pampu ya kunyonya ndiyo moyo wa lori. Mabati yake ya ndani huisha, na mafuta yakikosekana huisha kwa wiki. Tope likipita valvu ya kuzuia na kuingia kwenye pampu, umeinunua upya. Mita moja ya ujazo ya tope ni kama tani moja, kwa hiyo tangi la mita za ujazo 10 kwenye lori kuukuu linavunja springi na kula matairi. Kwa barabara za mitaani, matangi ya mita za ujazo 4 hadi 5 hudumu zaidi na hupita penye kona.

Kunyonya kuna kikomo cha kimaumbile. Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na tope si maji. Hesabu kina cha mita 3 hadi 4 kwa kazi ya kawaida. Tangi la septiki linanyonyeka vizuri. Shimo la choo halinyonyeki hivyo: chini kuna tope gumu, na juu kuna matambara, pedi na chupa. Inabidi kuvua takataka kwa ndoano kwanza, kazi inayoweza kuchukua saa nzima, kisha kuongeza maji na kukoroga. Shimo lisilojengewa kuta usilimalize kabisa. Likibaki tupu kwenye udongo wa kinamasi, kuta zinaporomoka na utadaiwa choo kipya.

Vichochoro vya Bwaise au Kisenyi lori halifiki. Huko hutumika Gulper, pampu ya mkono inayojaza mapipa yanayobebwa na pikapu. Mtaji wake ni sehemu ndogo ya bei ya lori, ingawa inafikia tope la juu tu na inataka mikono mingi. Kwa anayeanza na pesa kidogo, ndiyo ngazi ya kwanza, na si kazi ya aibu.

Usimruhusu mfanyakazi kuingia ndani ya tangi. Gesi ya huko inaua kwa pumzi chache, na mara nyingi inaua pia anayeshuka kumwokoa. Glavu ndefu, buti, chanjo ya pepopunda, homa ya matumbo na homa ya ini, na dawa za minyoo kila baada ya miezi michache: ziingize kwenye bei unayotoza.

*Vibali.* Leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira, leseni ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, au ya halmashauri yako, na makubaliano na NWSC ya kumwaga. Ardhi haihitajiki zaidi ya mahali pa kuegesha.

*Mtaji kurudi.* Tuseme safari inalipwa 150,000, na mafuta, ada ya kumwaga na wafanyakazi vinachukua 95,000. Safari tatu kwa siku, siku 24 kwa mwezi, zinaacha kama milioni 4 kabla ya matengenezo. Safari mbili badala ya tatu, kwa sababu ya foleni za magari au ya mtambo kufunga mapema, zinaacha milioni 2.6. Tofauti hiyo ndiyo biashara yote. Ukihesabu, tenga mwezi mmoja na nusu kwa mwaka lori likiwa gereji.

*Linamfaa nani.* Mwenye uzoefu wa magari makubwa, mwenye fundi anayemwamini. Mali inahamishika: soko likifa mji mmoja, lori linahamia mwingine au linauzwa. Kwa anayelazimika kukopa, hilo ni jambo kubwa, maana lori lenyewe linakubalika kama dhamana.

Mitambo midogo ya kusafisha majitaka ya taasisi

*Nani analipa.* Shule ya bweni, hoteli, kiwanda, hospitali. Malipo ni makubwa lakini machache. Shule hulipa wiki za kwanza za muhula; ukikosa hapo, subiri muhula ujao. Kwa taasisi ya umma, jiandae kwa miezi ya kusubiri, na usinunue kokoto hata lori moja kabla ya malipo ya awali.

*Kazi yenyewe na mwisho wa maji.* Kwa Uganda, mpangilio usiotegemea umeme ndio unaodumu: tangi la kutulizia, kisha matangi yenye kuta zinazolazimisha maji kupita kwenye tope lenye bakteria, kisha bwawa la kokoto lililopandwa mafunjo au matete. Shule ya wanafunzi 500, kila mmoja akitumia lita 40, inatoa kama mita za ujazo 16 za majitaka kwa siku, asilimia 80 ya maji yanayoingia. Tangi la kwanza liwe na nafasi ya siku moja, mita za ujazo 16, pamoja na nafasi ya tope la mwaka mzima, nyingine 15 hadi 20. Bwawa la mafunjo litahitaji mita za mraba 400 hadi 600 ikiwa matangi ya katikati yameondoa robo tatu ya uchafu. Shule isiyo na eneo hilo mwambie mkuu wake mapema. Usipunguze bwawa ili kupata kazi.

*Kinachoharibika.* Mtambo haufanyi kazi siku unapokabidhiwa. Bakteria wanahitaji miezi mitatu hadi sita kukomaa, na unaharakisha kwa kuwawekea tope kutoka tangi la septiki linalofanya kazi. Mafuta ya jikoni huziba kokoto za mita ya kwanza, kwa hiyo weka mtego wa mafuta na mtu wa kuusafisha kila wiki. Maji ya mvua ya paa yakiunganishwa humo yatafagia bakteria wote kwa mvua moja. Dawa kali za usafi za hospitali huwaua. Machinjioni damu ikusanywe peke yake. Ikiingia kwenye mtambo hakuna ukubwa utakaotosha.

*Vibali.* Kanuni za viwango za 1999 ziliweka BOD (oksijeni ambayo bakteria hutumia kuozesha uchafu) miligramu 50 kwa lita na COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali) 100, na kanuni mpya zimetolewa 2020, hivyo sanifu kwa kiwango cha sasa ukiwa na nafasi ya kupumua. Kibali cha kumwaga ni cha mwenye jengo, lakini sampuli ikifeli atakutazama wewe. Mkataba useme wazi ni maji ya namna gani unayopokea, na kwamba yakibadilika dhamana inakoma. Kama umejenga kwa pesa yako ukilipwa kidogo kidogo kwa miaka, andika tangu siku ya kwanza utalipwa kiasi gani mkataba ukiisha. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme kwenye usambazaji wa umeme uliisha 31 Machi 2025, na malipo ya mwisho yakageuka mgogoro. Kampuni kubwa inaweza kuubeba. Ya watu watano haiwezi.

*Inamfaa nani.* Wahandisi wachache wanaoanza bila mtaji mkubwa wa mashine, wenye akiba ya kuishi miezi sita bila malipo. Faida inayodumu iko kwenye mkataba wa matengenezo wa kila mwezi kuliko kwenye ujenzi.

Kwa hali yako

Una pesa isiyo na riba na ardhi yenye hati mahali ambapo bomba haliko kwenye mpango wa karibu: kisima na kioski, baada ya jaribio la saa 24. Eneo likiwa ndani ya mtandao wa NWSC, usichimbe. Omba bomba la kuuzia maji na ufanye hiyo kama kazi ndogo ya pembeni.

Unakopa benki: lori linastahimili riba kuliko kioski, mradi mahali pa kumwaga pako karibu kiasi cha kufanya safari tatu kwa siku. Kama lori linakuzidi, anza na Gulper na pikapu ya kukodi, kisha panda.

Una wateja wa ofisi na hoteli tayari kwa biashara nyingine, iwe usambazaji wa vinywaji au usafi: maji ya lita 20. Anza kwa kupima maji ghafi, halafu ndipo uchague mashine.

Una ujuzi kuliko pesa: mitambo ya taasisi, ukianza na shule binafsi mbili au tatu zinazolipa kwa wakati, na kila moja ikiwa na mkataba wa matengenezo.

Mko wengi na mitaji midogo: kisima cha kikundi, chenye mita mbili na daftari linalosomwa mbele ya wanachama kila mwezi. Kama tayari mna lori, kutunza matangi ya mitambo ya shule ndiyo nyongeza ya kwanza ya kufikiria, kwa kuwa mteja wa mtambo lazima aondolewe tope kila mwaka, na kazi hiyo mnaweza kuipanga mapema wakati wa likizo, shule ikiwa tupu.